Mashine Uwanjani kwa Mkwe

Igowole, 12 Februari 1955

Kwa shemeji Asukile Mwaisumo, Kiwira.

Salamu zangu zimwendee dada yangu Benedicta, kwa kuwa yeye ndiye mkeo na yeye hajanikosea. Wewe nina neno nawe.

Sedekia, dereva wa lori la mbao, amepita hapa jana akitoka Mbeya. Nikamkaribisha chai. Akaniambia huku anacheka kwamba alikukuta kwa mfanyabiashara mmoja mjini, umeinama juu ya injini ya kusagia unga, unaipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe wa maziwa. Nikamwambia si wewe. Akasema ni wewe, na kofia yako ya kanisani.

Shemeji, mwaka 1952 tulikaa nyumbani kwako tukapatana. Mimi nijenge kinu cha maji, gurudumu la mbao, mawe mawili na mfereji. Wewe utoe mahali pale kwenye maporomoko ya kijito, na kibali cha chifu. Mninga nimeupasua kwa mikono yangu. Mbao nimezikausha kivulini miaka miwili na nusu, nazigeuza kila mwezi zisipinde. Mawe nimekwisha kuyachonga. Kazi niliyofundishwa misheni nimeifanya bila kukuomba hata kikombe cha chai, kumbe mwenzangu unazunguka madukani.

Gurudumu nikilijenga mimi, likivunjika nitalitengeneza mimi. Injini ikivunjika utampigia nani magoti? Na maji ya kijito hayaagizwi Mbeya kwa pipa. Nijibu upesi, na unijibu kweli.

Ni mimi,
Filemoni Kalinga, fundi seremala


Kiwira, 3 Machi 1955

Kwa shemeji Filemoni Kalinga, Igowole.

Barua yako nimeipata. Umenihoji kama karani wa boma. Haya, kweli yenyewe ni hii: siku ile Sedekia aliponiona sikuwa nainunua. Nilikuwa nimekwisha kuinunua juma moja nyuma, nilikwenda kuulizia mkanda wake. Sasa iko hapa, imekaa juu ya sakafu ya saruji, chini ya kibanda cha bati.

Unasema tulipatana 1952. Ni kweli, na leo ni 1955. Wanawake wa hapa wanasaga kwa jiwe migongo imepinda, wanasubiri mbao zako zikauke. Mbao gani hizo, za safina ya Nuhu? Nimevuna kahawa misimu mitatu nakusubiri, nikaona nitazeeka. Injini hii inamaliza debe la mahindi kabla wewe hujamaliza kuvuta sigara moja. Haihitaji kugeuzwa kivulini.

Na tena, huko kijitoni kwako lori halifiki. Mimi nimeiweka kando ya barabara, uwanjani kwa baba, mbele ya nyumba yake kabisa, kila apitaye aione. Baba amepokea vizuri. Asubuhi analeta kigoda chake, anakaa mlangoni mwa kibanda mpaka jioni, na wazee wenzake wanamfuata. Mzee kukaa mbele ya mashine ya mwanawe ni heshima ambayo wewe huwezi kuielewa, maana baba yako ulimzika ungali mtoto.

Mbao zako chongea vitanda.

Asukile Mwaisumo, mzee wa kanisa


Igowole, 21 Machi 1955

Asukile,

Umemtaja marehemu baba yangu kwenye barua ya mashine. Nimeisoma mara mbili nione kama nimekosea. Sikukosea.

Basi sikiliza. Kuanzia leo mimi na wewe hatuna kinu pamoja. Gurudumu nitalijenga hapa Igowole, kwenye mto wetu, kwa watu wetu wanaojua maana ya ahadi. Likianza kuzunguka utasikia habari zake huko huko Kiwira. Na injini yako ikianza kukohoa usiniandikie. Mimi ni seremala, si mganga wa vyuma.

Mnunuzi wa vitu vya watu huwa anafikiri amenunua na akili iliyovitengeneza. Hiyo haiuzwi, shemeji. Utaona.

Filemoni Kalinga


Kiwira, 7 Juni 1955

Filemoni,

Uliniambia nisikuandikie injini ikikohoa. Haikohoi. Inanguruma vizuri mpaka watu wa ng'ambo ya pili wanaisikia. Ninakuandikia kwa jambo lingine, tena baya zaidi.

Juma la kwanza walikuja wanaume kutazama. Juma la pili vijana wa kupiga miluzi. Mahindi hayaji. Ninaona kwa macho yangu mwanamke anatokea na debe kichwani, anafika kwenye migomba ya mwisho, anachungulia, halafu anageuka na debe lake anarudi nyumbani kusaga kwa jiwe. Nikiuliza, mmoja anasema unga wa mashine unanuka mafuta, mwingine anasema mumewe hajamruhusu, na huyo mumewe ananiapia kwamba amemruhusu. Tangu Machi sijafikisha madebe thelathini, na mengi ni ya waseja na walimu wa shule.

Na anayeongoza mgomo huu ni nani? Ni dada yako. Mke wa mwenye mashine anasaga kwa jiwe nyuma ya nyumba yangu, kila mtu anamsikia. Nikimwambia achukue debe aende mashineni, anainama, anaendelea kusaga. Mke wangu hakuwa hivi. Mtu amemwandikia, na huyo mtu ni wewe, kwa wivu wa gurudumu lako.

Mwandikie tena, umwambie anitii. Asipopeleka mahindi mashineni kabla ya Agosti nitamrudisha kwenu, na nyinyi mtarudisha ng'ombe wangu saba. Sisemi kwa hasira. Nimefikiri.

Asukile Mwaisumo


Igowole, 22 Juni 1955

Mpendwa dada Benedicta,

Barua hii nampa Sedekia akuletee mkononi, isipite kwa mumeo. Ameniandikia maneno eti nimekuandikia ugomee mashine yake. Mimi sijakuandikia kitu, unajua mwenyewe uvivu wangu wa kalamu. Lakini kama umegoma kwa kunitetea kaka yako, nakushukuru, na endelea hivyo hivyo. Ajue kwamba Wahehe hatuchezewi.

Anatishia kukurudisha. Usiogope, nyumba ipo. Mwanao Anyitike, mjomba wake anamsalimu.

Kaka yako,
Filemoni


Kiwira, 10 Julai 1955

Kaka Filemoni,

Sedekia ananisubiri barabarani, kwa hiyo naandika haraka. Sigomi kwa ajili yako. Wewe na gurudumu lako na yeye na injini yake, mmenichosha wote wawili.

Kaka, wewe ulikuja huku mara mbili, ukala, ukaondoka. Huzijui desturi za watu hawa. Mke wa mtu hapa haonani na baba mkwe wake mpaka kufa. Hamwamkii, hapiti njia yake, jina lake halitaji. Akimwona kwa mbali anaingia porini mpaka mzee apite. Ndiyo maana mimi hapa siandiki jina lake. Unajua nilipoolewa huku, juma la kwanza nilifanya nini? Nilikutana naye njiani, nikapiga goti nikamwamkia vizuri, kama mama alivyotufundisha. Mzee alikimbia. Kwao ni kama nimemvua nguo mchana. Wanawake walinisema mwaka mzima, na aliyenionea huruma ni Tusajigwe peke yake, mke wa shemeji yangu mdogo. Tangu siku ile hakuna mwenyeji anayeshika mwiko huo kunizidi mimi mgeni.

Sasa mzee huyo anakaa mlangoni mwa mashine kutwa nzima. Sisi karibu nusu ya wanawake wa hapa tumeolewa na wanawe au wana wa ndugu zake. Na hao ndugu zake na wazee wengine wote nao wamekuja na vigoda vyao, wamepanga mstari. Hakuna mwanamke hapa asiye na baba mkwe kwenye ule mstari. Nani atapita katikati yao na debe?

Utasema Asukile hajui. Anajua, kazaliwa hapa. Zamani vijana walikuwa wanajenga kijiji chao mbali na baba zao kwa ajili ya jambo hili hili. Lakini kulikubali maana yake ni aende akamwambie baba yake, Baba, ondoka pale. Hilo hathubutu. Kunifukuza mimi anaona ni rahisi zaidi.

Kaka, nakuomba kwa jina la mama, usimwandikie haya. Nitatafuta njia. Nina mtoto huku, na kwa desturi yao nikiondoka mtoto ni wao. Ukimchokoza ataniumiza mimi, hatakuumiza wewe.

Dada yako,
Benedicta


Igowole, 24 Julai 1955

Kwa bwana mashine, Kiwira.

Nimecheka tangu juzi, mke wangu Apolonia ananiuliza kama nina homa. Yaani mzee wa kanisa umepeleka injini kutoka Mbeya, ukajenga kibanda cha bati, ukamwaga saruji, halafu mlangoni ukaweka safu ya baba wakwe? Hata mtego wa panya huwekwa chambo, wewe umeweka paka.

Nami nilikwambia kijitoni. Kijitoni hakuna mzee anayekwenda kukaa, kuna baridi na mbu. Gurudumu langu lingekuwa linasaga sasa hivi, na wanawake wanaimba. Hapa Igowole linasaga, nisikufiche, linasaga mpaka watu wanashangaa.

Dawa yako ni maneno machache tu, bwana mkubwa. Mwambie Mzee Jailos ainuke. Au unamwogopa baba yako kuliko unavyomwogopa Mungu wako wa Jumapili? Kama ulimi umekufa, niite mimi nije nimwambie.

Na dada yangu usimguse.

Filemoni Kalinga


Kiwira, 13 Agosti 1955

Filemoni,

Sasa nimejua mke wangu anaandika mambo ya nyumba yangu na kuyapeleka kwa madereva wa malori.

Sisi ni Wakristo. Desturi za gizani tumeziacha, nami nimesimama kanisani nikasema hivyo mbele ya watu. Kesho kutwa, Jumatatu, saa nne asubuhi, Benedicta atabeba debe mwenyewe mbele ya wote, aingie mlangoni na kusagiwa. Wengine wakiona mke wangu ameingia wataingia. Nimekwisha kumwambia. Amelia, lakini amekubali.

Usiniandikie tena.

A. Mwaisumo


Igowole, 2 Septemba 1955

Asukile,

Uliniambia nisikuandikie. Nakuandikia.

Dada yangu amefika hapa tarehe 29 Agosti, miguu imevimba, na Anyitike mgongoni ana kikohozi. Amepanda basi mpaka Mafinga, kutoka hapo ametembea. Juzi akamwambia Apolonia, na Apolonia akaniambia mimi. Nitakuandikia uliyoyafanya, uyasome kwa mwandiko wa mtu mwingine, labda utayaelewa.

Jumatatu ile ulimshika mkono barabarani. Alikuwa amejifunika kaniki usoni, haoni njia, debe kichwani. Watu wamejaa. Ulimwongoza mpaka mlangoni, ukamvua kaniki kwa mkono wako. Akainua macho, na mzee wako yuko mbele yake, karibu kama sahani na mlaji. Mzee alisimama. Alijificha uso kwa kofia, akarudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye kigoda chake akaanguka, akainuka mwenyewe, akaingia kwenye migomba mbio. Mtu wa miaka sabini. Mahindi yalimwagika yote. Hakuna aliyecheka, ila injini yako tu ilikuwa inapiga kelele.

Tangu hapo mzee hajala chakula cha kwako. Na wanawake sasa hata barabarani hapo hawapiti. Na wewe ukamwambia dada yangu kwamba yeye ndiye aliyemwangusha baba yako.

Alimchukua mtoto alfajiri akaondoka. Kama unamtaka mtoto kwa desturi, njoo. Nina shoka la kupasulia mninga. Na ng'ombe zako siwarudishi, waliokufa wamekufa na waliozaa ni wangu.

Filemoni Kalinga


Igowole, 16 Oktoba 1955

Kwa Baba Anyitike, Kiwira.

Ni mimi Benedicta. Kaka hajui kwamba naandika. Umetuma barua tatu na blanketi. Blanketi nimelipokea kwa ajili ya mtoto. Barua sikuzijibu kwa sababu zote tatu zina neno moja, kwamba umenisamehe. Umenisamehe nini?

Sikiliza na mimi nikwambie. Katika mambo haya yote, tangu 1952, mmekaa wanaume wawili mnabishana kujenga au kununua, mbao au chuma, maji au dizeli. Mmetukanana mpaka makaburini. Sisi ndio tunaolima hayo mahindi, tunayavuna, tunayabeba, tunayasaga. Hakuna hata siku moja aliyekuja kwa Tusajigwe, au kwa mama yako, au kwangu ninayelala nawe kitanda kimoja, akauliza, Je, nyinyi mnaonaje? Mimi mashine naitaka. Nani anapenda jiwe? Mikono yangu umeiona.

Na kaka naye asikudanganye. Gurudumu lake limepasuka mara mbili tangu Juni. Mbao alizozisifu zilipata maji zikafunguka. Halisagi kitu, kuku wanalala juu yake. Ile barua ya kukucheka aliiandika siku lilipopasuka mara ya kwanza. Nimemwambia na yeye usoni kwamba kijitoni alipachagua kwa sababu maji yanapita pale, si kwa sababu alitufikiria. Amenuna.

Sirudi kwa blanketi. Sirudi kwa wazee wa kanisa uliosema utawatuma. Nitarudi siku utakapokwenda kwa baba yako, kwa miguu yako, ukamwambia kwa kinywa chako yale uliyoshindwa kumwambia, ukaona aibu wewe na si mimi. Ukishindwa, basi utabaki na mashine yako. Mtoto sikupi.

Mimi,
Mama Anyitike


Kiwira, 20 Novemba 1955

Mama Anyitike,

Nimekwenda.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua kahawa. Nilisimama pale muda mrefu mpaka akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema, "Baba, nilikosa. Tangu mwanzo ilinipasa nikuombe usikae mlangoni mwa mashine, maana wakwe zako hawawezi kuja ukiwa pale. Nilikuogopa. Nikamtupia mke wangu mzigo wa kosa langu."

Alichambua kahawa kama kiganja kizima. Kisha akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwanangu, mimi ile mashine siipendi. Tangu Machi masikio yananiuma, moshi unanikaba, usiku ninaisikia kichwani. Ulipoiweka mbele ya nyumba yangu bila kuniambia neno, nilifikiri unataka nikulindie. Nikawaita na ndugu zangu, tukalinda kwa zamu. Tuliona wakwe zetu hawaji. Tukasema, kijana amesoma, anajua anachofanya."

Mama Anyitike, baba alikaa pale miezi mitano kwa kunitii mimi. Nililia mbele yake kama mtoto. Akaniambia niondoke, ninamloweshea kahawa. Chakula changu amekula jioni ile. Ameagiza nikwambie kwamba siku ile hakukuona, alikuwa anatazama mahindi. Sivyo, lakini amesema niseme hivyo.

Sasa nimetengeneza mambo. Mashine nimeihamisha kutoka uwanjani. Vijana wanane wameivuta kwa magogo siku mbili, nimemwaga saruji upya, nimejenga kibanda kijitoni pale kwenye maporomoko, mahali pale pa Filemoni. Mwambie amepata alichokitaka, na mambo ya gurudumu lake sitamcheka, ingawa nimecheka kidogo. Nimeajiri wanaume wawili wa kuiendesha, Saulo na Fanueli, watakuwa pale kutwa nzima. Sijaiwasha. Ninakusubiri uje uwe wa kwanza kusaga.

Mumeo,
Asukile


Igowole, 4 Desemba 1955

Baba Anyitike,

Barua yako nimeisoma. Yale ya baba yako nimeyasoma tena na tena, na nimelia, na kaka amesoma naye akatoka nje bila kutukana. Mwambie mzee nimepokea salamu zake na kwamba mimi pia nilikuwa natazama mahindi.

Lakini kijitoni nani alikwambia?

Pale chini ya maporomoko ndipo tunapooga wanawake wote wa upande wetu, kila siku jua likianza kupinda, tangu mama yako alipokuwa mwali. Wewe hujui kwa sababu wanaume hampiti kule saa hizo. Sasa umejenga kibanda juu ya vichwa vyetu, ukawapandisha Saulo na Fanueli humo wakae kutwa nzima. Ulimuuliza nani? Tusajigwe anakaa hatua ishirini kutoka kwako.

Usiiwashe. Waambie Saulo na Fanueli warudi makwao leo hii, kabla waume wa watu hawajaja na fimbo. Mimi na mtoto tutapanda basi la Jumatano kutoka Mafinga, tupokee barabarani uchukue mzigo. Alhamisi nitakaa na Tusajigwe na mama yako na wanawake wengine, nasi tutakwambia saruji yako ya tatu uimwage wapi. Wewe utasubiri nje mpaka tumalize.

Mkeo,
Benedicta